Muulize Bwana Miti: Kwa nini huu umekauka na ndugu yake amesimama?

Barua zilizotufikia baada ya kiangazi zina swali moja linalojirudia kwa sura mbalimbali: miti iliyopandwa siku moja, katika shamba moja, imeonyesha tabia tofauti kabisa jua lilipopamba moto. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi nimeyaacha, nimebakiza mahali zilikotoka, kwa sababu katika mambo ya miti mahali ni nusu ya jibu.

Bwana Miti, nakusalimu kutoka Kitui. Miaka mitatu iliyopita nilipanda miche 60 ya mukau kwenye shamba lenye changarawe karibu na nyumbani. Yote niliinunua kwenye kitalu kimoja, na mwenye kitalu aliniambia kwamba mbegu aliiokota chini ya mti mmoja mkubwa ulio kando ya barabara. Mvua zilipokosa misimu miwili, miti 23 ilikauka, mingine ikapukutisha majani kisha ikachipua, na michache haikuonyesha hata dalili ya kusumbuka. Udongo ni uleule na mama ni mmoja. Nilikosea wapi?

Mzee wangu, mama ni mmoja lakini baba si mmoja. Maua ya mukau huchavushwa na wadudu, na mdudu anayetua kwenye ua hili asubuhi huenda alitoka kwenye mti ulio ng'ambo ya korongo, na anayetua kwenye ua la pili akawa ametoka kwingine. Kwa hiyo kokwa mbili zilizoanguka kutoka tawi moja zinaweza kuwa za mama mmoja na baba wawili, na hata zikiwa za baba mmoja zitatofautiana, kama watoto wa tumbo moja wanavyotofautiana kimo na sura. Watafiti wanaopima vinasaba vya miti wamelikuta jambo hili katika aina nyingi mno: sehemu kubwa ya tofauti za urithi za aina moja ya mti imo ndani ya msitu mmoja, baina ya mti na jirani yake, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha msitu huu na ule. Mti huishi miaka mingi, hupokea chavua kutoka mbali, na hauwezi kuhama hali ikiwa ngumu. Aina ambayo watoto wake wote wangefanana ingekuwa imeshafutika na kiangazi kimoja kibaya.

Sasa tuangalie tofauti hizo zinafanya nini ndani ya mti. Maji hupanda kutoka mizizini hadi majanini kwa kuvutwa kama uzi kupitia mirija myembamba, na kinachovuta ni jua linalokausha jani. Udongo unapokauka, uzi huo hukazwa. Ukikazwa kupita kiasi hukatika: kiputo cha hewa huingia kwenye mrija, na mrija huo haupitishi tena maji. Mirija mingi ikiingia hewa, tawi hufa, kisha mti wote. Ili kujikinga, mti hufunga vitundu vya kupumulia vya majani, ambavyo vitabu vya shule huviita stomata. Hufanya hivyo kwa msaada wa asidi ya absisiki, kemikali ambayo mti huitengeneza unapopungukiwa maji. Lakini vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa ambayo mti huitumia kujitengenezea chakula, na mti uliofunga milango yake muda mrefu hukaa na njaa. Kuna miti inayofunga mapema na kuna inayochelewa. Kuna inayoteremsha mzizi mkuu haraka kabla haijarefusha shina, na kuna inayofanya kinyume chake. Mukau nao una njia yake: hupukutisha majani wakati wa kiangazi, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, kisha huchipua mvua inapokaribia. Ile miti yako iliyobaki vijiti na baadaye ikarudi haikuwa imeshindwa, bali ilikuwa inatunza maji yake.

Hata hivyo, kabla hujahitimisha kwamba miti 23 ilikufa kwa sababu ya urithi, naomba uchukue sururu. Ng'oa taratibu mitatu au minne iliyokauka, osha udongo, kisha utazame mzizi mkuu. Ukikuta umejipinda kama herufi J, au umejizungusha sehemu ya chini kama kamba iliyoviringwa ndani ya ndoo, basi mti huo ulikufa ukiwa kitaluni. Ulikaa kwenye kiriba kupita muda wake, mzizi ukagonga chini ukaanza kuzunguka, na baada ya kupandwa haukuweza tena kushuka. Nimeona mashamba ambayo lawama zote zilitupiwa mbegu, na walipofukua wakakuta viriba vya plastiki bado vimevaliwa na mizizi. Tazama pia kama mistari iliyokufa imekaa pamoja upande mmoja. Iliyokufa kwa mkusanyiko huashiria mwamba au mchwa chini yake. Iliyokufa huku na huko katikati ya iliyo hai ndiyo inayotuelekeza kwenye urithi.

Tofauti hizi za urithi ndizo zilizofanya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, ikishirikiana na wataalamu wa Japani kuanzia mwaka 2012, kupita katika maeneo makavu ya Kenya ikichagua miti ya mukau iliyonyooka na kustawi kuliko majirani zake. Vikonyo vya miti hiyo vilibebeshwa kwenye miche na kupandwa katika mashamba ya mbegu huko Tiva, hapohapo Kitui kwenu, na Kibwezi, ili miti bora ichavushane yenyewe kwa yenyewe. Ukirudia kupanda, tafuta mbegu inayotokana na mashamba hayo. Nakusihi pia usiwagawie majirani mbegu za miti yako 37 iliyobaki kana kwamba ni ukoo mpya: yote ni watoto wa mama mmoja, na ikichavushana yenyewe, wajukuu wataanza kudhoofika.

Shikamoo Bwana Miti. Mimi ni mkulima wa mtama na uwele wilayani Chamwino, Dodoma. Nimesikia sifa za mkababu, kwamba hupukutisha majani wakati wa mvua na hivyo hauzuii mazao jua. Ndugu yangu anafanya kazi Zambia, na anasema wakulima wa huko wanaupanda sana na miche yao hukua haraka kuliko ya kwetu. Yuko tayari kuniletea kilo mbili za mbegu. Nipokee?

Marahaba, ndugu yangu. Sifa ulizosikia ni za kweli. Mkababu, ambao wataalamu huuita *Faidherbia albida*, huishi kinyume na miti mingine: mvua zikianza hubaki mtupu, majani yake yakioza chini yakirutubisha udongo, na kiangazi kikifika huwa kijani na kuwapa mifugo kivuli na maganda ya kula. Ili kufanya hivyo, ni lazima mizizi yake ifike kwenye maji yaliyo chini sana. Hapo ndipo swali lako linapokuwa zito kuliko linavyoonekana.

Mkababu umeenea kutoka Senegal hadi kusini mwa Afrika, na kwa vizazi vingi kila upande umechuja miti yake kwa namna yake. Kusini, mara nyingi hukaa kandokando ya mito na kwenye mabonde ambako maji hayako mbali. Katika ukanda wa Sahel maji ya ardhini yako chini mno. Mbegu za pande hizo mbili zilipopandwa pamoja nchini Niger, miche ya kusini ilianza kwa kishindo. Ilikuwa mirefu, ikapendeza macho. Kisha ikafa kwa wingi. Walipochunguza mizizi, waligundua kwamba miche ya Afrika Magharibi, ambayo juu ya ardhi ilionekana dhaifu, ndiyo iliyokuwa imeteremsha mizizi yake chini zaidi, huku ile ya kusini ikiwa imeitumia nguvu yake kwenye shina na majani. Mtu aliyepita shambani mwaka wa kwanza akapima kimo peke yake angeupa ushindi upande uliokuwa unaelekea kufa.

Dodoma kwa kawaida hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, yote katika msimu mmoja, na baada ya hapo ni miezi mingi ya ukavu. Kwa hiyo mche unaokua haraka huko kwa ndugu yako unaniambia kidogo sana kuhusu utakavyoishi Chamwino. Ushauri wangu ni huu: uti wa mgongo wa shamba lako uwe mbegu iliyokusanywa katika mikoa yetu ya kati, kwenye mikababu mikubwa inayosimama mahali pakavu kama pako. Kituo cha mbegu za miti cha Morogoro, kilicho chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, huandika mahali kila fungu la mbegu lilipotoka, nawe una haki ya kuuliza kabla hujalipa. Mbegu ya Zambia, ikija kwa njia halali na cheti cha afya ya mimea, ipande mistari miwili pembeni, uiwekee alama, na uiangalie kwa miaka mitano bila kuimwagilia kuliko mingine. Wala sisemi kwamba mbegu ya mbali ni mbaya siku zote. Hali ya hewa inabadilika, na yawezekana mbegu kutoka mahali pakavu kidogo kuliko kwako ndiyo itakayowafaa wajukuu zako. Neno la kushika ni pakavu. Urefu wa mche usikushawishi.

Na kwa kuwa uko Dodoma, nikuongezee jambo ambalo hunifurahisha kila nikilitaja. Mng'ongo, ambao bila shaka unaujua, una jamii ndogo tatu barani Afrika, na Tanzania ndiyo nchi pekee ambamo zote tatu hupatikana. Tunakaa juu ya hazina ya urithi wa mti huo, na bado tunaukata kwa ajili ya vinu na mikokoteni bila hata kuokota kokwa zake.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano Lushoto. Babu yangu husimulia kwamba alipokuwa kijana wadudu waliivamia miti ya saipresi, mingi ikageuka rangi ya kahawia na kufa, lakini michache katikati ya iliyokufa ilibaki kijani. Je, miti ile ilijifunza kupambana na wadudu? Na je, mti uliopitia shida huwarithisha watoto wake ujasiri huo?

Umeuliza maswali mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, na nimefurahi kwamba yametoka kwa kijana.

Wadudu anaowasimulia babu yako ni vidukari wa saipresi. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakapanda kaskazini kupitia Tanzania, na kufikia 1990 walikuwa Kenya. Hufyonza utomvu wa vitawi, na mate yao huua sehemu waliyofyonza, ndiyo maana mti hugeuka kahawia kana kwamba umepitiwa na moto. Saipresi tuliyokuwa tumeipanda kwa wingi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na kidukari huyu hakutoka huko. Mti na mdudu walikutana kwa mara ya kwanza katika mashamba yetu. Haukuwapo muda wa kujifunza. Ile michache iliyobaki kijani ilizaliwa hivyo, ikiwa na tofauti ndogo ndogo za urithi ambazo kabla ya hapo hazikuwa na faida wala hasara, na ambazo hakuna mtu aliyekuwa ameziona. Mdudu hakuifundisha kitu, aliichagua. Ndiyo maana wataalamu wa misitu walikwenda kukusanya mbegu na vikonyo kwenye miti ya namna hiyo, kwa kuwa kilicho kwenye urithi hupita kwa watoto.

Kujizoesha ni jambo jingine. Chuma jani la mwembe kutoka kileleni, linakopigwa na jua kutwa, ulilinganishe na jani la ndani penye kivuli: la juu huwa nene na gumu zaidi, la ndani huwa jembamba na laini. Mti ni uleule na vinasaba ni vilevile, ila umeyatengeneza majani yake kulingana na mahali. Vivyo hivyo wenye vitalu hupunguza maji na kuondoa kivuli wiki chache kabla ya kupanda, ili miche ikomae. Uwezo huo wa kujibadilisha, wenyewe nao, hutofautiana kati ya mti na mti. Lakini ukomavu ambao mche umeupata kitaluni hauandikwi kwenye vinasaba vyake, na hatutarajii watoto wake wazaliwe wamekomaa.

Nisikufiche, hata hivyo, kwamba somo hili lina mlango mwingine ambao bado unafunguliwa. Huko Norwei watafiti walichukua miti ya sprusi, jamii ya misonobari, wakaifanya izae mbegu mahali penye joto kuliko kwao. Miche iliyotoka kwenye mbegu hizo ilichelewa kusimamisha ukuaji wake wakati wa vuli, kana kwamba ilikuwa ya asili ya kusini, ingawa wazazi walikuwa walewale. Na tabia hiyo ilidumu kwa miaka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba herufi za vinasaba hazikubadilika, bali joto lililokuwapo mbegu ilipokuwa inaumbwa liliathiri jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba kwa kawaida hapana, lakini katika baadhi ya miti kumbukumbu fulani ya mama hupita. Ukifika chuo kikuu, naomba uulize kama yuko aliyelichunguza jambo hilo katika miti yetu ya Usambara.

Natoka Embu. Miti yangu ya grevilea, ambayo sisi huiita mukima, inakauka kuanzia kileleni na shina linatoa vidonda vyenye gundi. Shamba langu liko upande wa chini, kuelekea Mbeere. Ni ugonjwa au ni jua?

Ni vyote viwili, na nyuma yao kuna la tatu. Vidonda hivyo husababishwa na kuvu ambao huishi kimyakimya ndani ya mti wenye nguvu na kuushambulia unapodhoofishwa na kiu, ndiyo maana wenzako wa upande wa juu, karibu na mlima, hawalalamiki kama wewe. Mukima asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa Afrika Mashariki ili utie kivuli kahawa na chai, na wakulima wakaupenda, wakaendelea kuokota mbegu wao kwa wao. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba mukima wetu umebeba sehemu ndogo tu ya utajiri wa urithi ulioko kwao, na katika majaribio baadhi ya mbegu zilizoletwa moja kwa moja kutoka Australia ziliishinda ya kwetu kwa kukua. Kata sehemu zilizokauka, uzichome, na usikusanye mbegu kwenye mti wenye vidonda. Kwa upande wa shamba unaoelekea Mbeere ningepanda mukau.

Bwana Miti, mimi na akina mama wenzangu tuna kitalu Muheza. Tunataka kuotesha mvule, kwa kuwa watoto wetu hawajui hata unavyofanana. Kijijini kumebaki mvule mmoja mkubwa unaozaa sana. Tuchukue mbegu hapo? Mwaka jana tulijaribu, na miche ikatoka vivimbe kwenye ncha kisha ikaoza.

Mama, kazi mnayoifanya ni kubwa, na nitajibu kwa urefu unaostahili.

Mvule una mti dume na mti jike. Huo unaozaa ni jike, na kama unatoa mbegu zinazoota basi yuko dume mahali fulani, huenda mmoja tu. Mkichukua mbegu hapo peke yake, miche elfu moja itakuwa ya mama mmoja na pengine baba mmoja, na msitu mtakaouotesha utakuwa ukoo mmoja usioweza kuoana bila kuharibika. Wataalamu wengi hushauri mbegu ikusanywe kwenye miti isiyopungua 30, iliyoachana kwa mita 50 hadi 100, kwa sababu miti iliyosimama karibu mara nyingi ni ndugu. Najua kwamba kwa mvule wa leo hesabu hiyo ni ngumu. Basi kusanyeni kwenye majike sita au saba ya vijiji mbalimbali, na mchukue kipimo kilekile kutoka kila mti, kikombe kwa kikombe, hata kama mmoja unazaa kuliko wote. La sivyo huo mmoja utajaza kitalu.

Vivimbe mlivyoviona ni nyumba za mdudu mdogo aitwaye *Phytolyma*. Hutaga mayai kwenye chipukizi laini, na watoto wake wakianza kufyonza, mti wenyewe huota uvimbe unaowafunika. Uvimbe ukipasuka, kuvu huingia na ncha huoza. Mdudu huyu ndiye aliyewakatisha watu tamaa ya kupanda mvule katika nchi nyingi za Afrika. Lakini huko Ghana watafiti waliootesha miche ya mama mbalimbali waliona kwamba haishambuliwi sawasawa: ya baadhi ya mama iliathirika kidogo tu, na ikasimama. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutaka mama wengi. Kwenye mti mmoja mnacheza bahati nasibu kwa tiketi moja.

Fanyeni hivi. Mbegu za kila mama zipandeni kwenye tuta lake, na tuta lipewe kibao chenye jina la kijiji, alama ya mti na tarehe ya kuokota. Zipandeni mapema, kwa sababu mbegu ya mvule haikai muda mrefu kabla ya kupoteza uhai. Baada ya miezi mitatu, mmoja wenu apite na daftari, ahesabu katika kila tuta miche yenye vivimbe na isiyo navyo. Miche mizima ya matuta yote ichanganywe kabla ya kugawiwa, ili kila shamba lipate mchanganyiko. Nami nikipata nakala ya daftari hilo nitaisoma mstari kwa mstari, na kuwarudishia majibu katika ukurasa huu.